Thelathini Kamili

Jumamosi, kumi na tano Mfunguo Mosi, 1956. Mabawa, Tanga.

Mvua haijakata tangu alfajiri. Masika ya mwaka huu yamekuja na hasira zake. Uani kumekuwa ziwa, kuku wamepanda juu ya kinu, na bati la jikoni linapigwa mpaka Bibi akiniita simsikii. Afadhali. Leo sitaki kuitwa na mtu.

Daftari, mimi ni mwongo. Naanza na hilo, nisije nikalizungukazunguka mpaka karatasi zikaisha.

Jana Mwalimu wetu alitupa kazi ya nyumbani. Kila msichana aandike malengo matatu ya maisha yake, na Jumatatu ayasome mbele ya darasa zima. Akatutazama mmoja mmoja kwa yale macho yake ya kupekua. "Msiandike ya kunifurahisha mimi," akasema. "Andikeni ya kweli. Mkinidanganya nitajua."

Wenzangu walirudi makwao wakicheka. Huyu atakuwa mkunga, huyu atashona nguo za mabibi harusi wa Tanga nzima. Mimi nimekaa hapa ukumbini tangu adhuhuri na kalamu yangu ya risasi, nimepata mstari mmoja tu: Lengo la kwanza, kumaliza darasa la nane na kwenda chuo cha ualimu. Nikausoma. Nikaona haya. Nikaukata.

Si kwamba ualimu siutaki. Nautaka sana, hata nikichambua mchele nawafundisha kuku majira ya mwaka. Kinachonitia haya ni kwamba kwa haki nisingekuwa darasani hivi sasa. Nilitakiwa niwe ndani.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Baba yangu anakaa Tongoni na minazi yake. Nilipokuwa na miaka saba alinileta kwa Bibi, mama yake mzazi, hapa Mabawa, ili nisome. Akaweka sharti moja mbele ya watu: mtoto atasoma mpaka avunje ungo. Akishavunja ungo, shule basi, anawekwa ndani kama wasichana wote wa ukoo wetu, asionekane na wanaume mpaka atakapopata mume. Bibi akaitikia. Na mimi nikaitikia, tena kwa sauti. Wakati huo ungo niliokuwa naujua ni wa kupetea mchele.

Mwezi wa Rajabu, nimeshatimiza kumi na minne, nikavunja ungo.

Sikumwambia mtu. Nilikuta chini ya sanduku la Bibi kanga yake kuukuu ya rangi ya bluu, imelainika kwa kufuliwa, nikachana vipande. Nikawa navifua kukiwa bado hakujapambazuka na kuvianika nyuma ya banda la kuku, chini ya gunia. Siku chache baadaye Bibi akafungua sanduku na kuanza kulalamika kwa sauti kubwa: panya hawa, panya hawa, wamenimalizia kanga yangu! Nikaitikia, ndiyo Bibi, panya wamezidi. Nikamsaidia hata kutega mtego.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningesema ni utoto. Sikuishia hapo.

Mwezi wa Shabani, Sauda akanijia. Sauda ni binti wa shangazi yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Tulianza shule siku moja, dawati moja, na hesabu ananishinda mbali. Akimaliza yeye ndipo mimi nachungulia. Alinivuta nyuma ya choo akilia. Limemkuta lile lile. "Nifanye nini, Mwanaidi?" akaniuliza. "Nimwambie mama au ninyamaze?"

Daftari, mimi nilikuwa na dawa yake. Nilikuwa naitumia mwezi mzima. Ningemwambia tu: chana kanga, fua mapema, anika chini ya gunia. Lakini nikapiga hesabu, mimi niliye mzito wa hesabu siku hiyo nikawa hodari. Siri ya watu wawili si siri. Tukijificha wawili, akibambwa mmoja, wa pili atachunguzwa. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu na kumwambia, "Mwambie mama yako. Dhambi kumficha mama."

Akaenda akamwambia. Kesho yake dawati lilikuwa langu peke yangu.

Yuko ndani mwezi wa pili sasa. Nyumba ya tatu tu, na sijakwenda kumwona hata mara moja. Shangazi akiuliza nasema masomo yamenikaba. Masomo! Njia ya shule inapita mlangoni kwao, nami huzunguka kwa nyuma, kwenye matope.

Kisha Ramadhani ikaingia, na siku zangu zikaingia ndani yake.

Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi wala haswali. Funga zake atakuja kulipa baadaye. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Lakini nikila mchana Bibi ataniona, na nikiacha kuswali ataniuliza. Basi nikafunga. Siku saba niliamka daku, nikakaa na njaa ya bure isiyohesabiwa popote, nikatia udhu, nikasimama ubavuni kwa Bibi kwenye tarawehe. Bibi akaniambia, "Mwanangu, umechoka na masomo, kalale." Nikakataa. Nikajitia mcha Mungu. Ama kweli mimi ni mnafiki, tena mnafiki mwenye udhu.

Na siku zile zile Bibi naye akaingiwa na usahaulifu, au ndivyo nilivyodhani. Kila nikirudi shule nilikuta sahani ya kiporo nyuma ya mtungi wa maji, imefunikwa kwa kawa: mara mihogo, mara wali na kipande cha nguru. Nikasema masikini Bibi, uzee huo, anasahau kwamba ni mfungo. Nikawamwagia kuku. Kuku wetu walinona Ramadhani ile kushinda watu.

Siku ya Idi, Bi Siti jirani yetu, mwenye macho ya kuona hata kilicho ndani ya chungu, alinitazama kuanzia utosini mpaka miguuni. "Mjukuu wako huyu kakua," akamwambia Bibi. "Kafunga ngapi?" Bibi akajibu, "Thelathini kamili." Bi Siti akacheka, akasema ah, basi huyo bado mtoto. Mwanamke gani anafunga thelathini kamili? Na mimi nikacheka nao, mdomo umejaa halua.

Nilijiona mjanja. Naandika hili kwa mkono wangu: nilijiona mjanja kuliko Tanga nzima.

Sasa naja kwenye ya Jumatano. Hili ndilo lililonikalia kifuani.

Baba alikuja kutoka Tongoni na nazi zake na kikapu cha maembe mabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za shule, akaniambia nenda jikoni. Nikaenda jikoni. Lakini ukuta wa jikoni kwetu ni wa makuti.

Nikamsikia anasema, "Mama, huyu mtoto kakua. Sauda yuko ndani, na watu Tongoni wananiuliza. Nieleze kweli. Bado?"

"Bado," akasema Bibi.

"Niapie, mama. Nisije nikawa kichekesho cha watu."

Nikaacha kukuna nazi. Lazima nieleze kwamba Bibi hali yamini. Sijapata kumsikia akiapa maishani mwangu. Hata ukimuuliza kama nazi hii ni nzima, atakujibu Mungu ndiye aonaye ya ndani. Wanawake wa mtaani wakigombana huja kwake kwa sababu hiyo. Neno lake halihitaji kiapo.

Kisha nikasikia, "Wallahi, bado mtoto. Kafunga thelathini kamili."

Baba akashusha pumzi. Akacheka, akaomba maji, akasema basi asome. Akaondoka na basi la alasiri.

Na mimi? Nilikuwa na mbuzi ya nazi kati ya magoti, na cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Mwaka mwingine! Nitafika darasa la nane! Furaha hiyo ilidumu kwa kadiri ya nazi moja. Kisha nikafahamu kilichotokea upande wa pili wa makuti. Nilimwapisha bibi yangu uongo. Mwanamke aliyehifadhi ulimi wake umri wake wote, nimemfikisha uzeeni, akiwa na meno manne, nikamtoa kiapo cha uongo bila hata yeye kujua.

Alhamisi nilikula peke yangu kwa sababu Bibi alifunga. Nikadhani ni suna, Alhamisi hufungwa. Jana Ijumaa kafunga tena. Nikamuuliza, Bibi, hizi ni funga sita za suna za Mfunguo Mosi? Akasema sita nilishazimaliza, hukuniona nilianza siku ya pili ya Idi? Nikamuuliza basi hii funga gani. Akasema funga yangu mimi na Mola wangu, kachambue mchele.

Leo kafunga tena.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Tatu.

Ngoja.

Chuoni tulikariri hili kwa sauti, tunayumba wote pamoja na mwalimu kashika bakora. Kafara ya kiapo: kulisha masikini kumi, au kuwavisha. Asiyeweza, afunge siku tatu.

Bibi hawezi kulisha masikini kumi. Sisi wenyewe ni wawili na tunagawana kichwa cha samaki.

Na mtu hafungi kafara ya kiapo anachoamini ni cha kweli.

Ya Rabi. Bibi anajua.

*

Nimeacha kuandika kwa sababu adhana ya magharibi ililia nikaenda kumpelekea Bibi maji ya kufuturu. Nimerudi sasa.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka na tende tatu kiganjani. Nikampa kata ya maji. Akafuturu, akaswali, akarudi kukaa, akanyoosha miguu. Nami nimesimama pale pale kama mlingoti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia. Yote yakanitoka. Nikasema tu, "Bibi, umefunga tatu."

"Nimefunga tatu," akasema.

Nikaanguka magotini pake. Nililia mpaka kanga yake ikaloa. Nikasema nisamehe Bibi, nimekutia katika dhambi, ulijua lini, nani kakwambia, ni Bi Siti? Yote kwa pamoja, hata sijui kama yalieleweka. Akaniacha nilie mpaka nikaanza kwikwi.

"Tangu Rajabu," akasema. "Panya wa nyumba hii, mwanangu, wanachana kanga kwa mstari ulionyooka."

Na mimi nikacheka! Machozi na kamasi, nacheka. Naye akatikisika kidogo, na yale meno yake manne yakaonekana. Kisha uso wake ukawa mwingine.

"Ninalokukasirikia ni lile la kufunga," akasema. "Nilikuwekea chakula nyuma ya mtungi siku zote saba. Nikikwambia kalale, hulali. Nikasema labda anakula kisirisiri, anajifanya tu. Kumbe juha huyu anafunga kweli! Kile chakula ulikuwa unakipeleka wapi?"

"Kwa kuku, Bibi."

Akanitazama. "Kwa kuku," akasema. "Wali wangu na nguru wangu."

Daftari, hapo ndipo niliposhindwa kuinua uso. Hakikuwa kiporo cha usahaulifu. Bibi alikuwa anakula daku mkate mkavu na chai, nilimwona kwa macho yangu, nikadhani ndivyo apendavyo. Samaki alikuwa ananiwekea mimi, bila kunisema, bila kuniaibisha, ili nisife njaa katika uongo wangu mwenyewe. Na mimi nilikuwa namhurumia kwa uzee.

Nikamuuliza kwa nini aliapa. Angesema tu, Baba angekasirika, ningeingia ndani, yakaisha. Alikuwa anakusanya kokwa za tende, moja, mbili, tatu, anazipanga ukingoni mwa mkeka.

"Mimi nilipowekwa ndani nilikuwa nimefika juzuu ya kumi na mbili ya Kurani," akasema. "Nilikuwa mbele ya wavulana wote. Nikawasikia kupitia dirishani wakihitimu. Hayo ndiyo yangu. Ya kiapo ni kati yangu na Mola wangu, nimelipa, kama kakubali au hakukubali yeye ndiye ajuaye. Na baba yako niachie mimi, nilimzaa mwenyewe."

Nikataka kumbusu mkono. Akaukwepesha.

"Bado sijamaliza. Wewe nawe una saba zako. Anza kesho, siku zako zisije zikakukuta tena hujalipa. Watu watadhani unafunga sita, na wakidhani ni shauri lao. Hiyo ya saba utajua mwenyewe pa kuificha, si ndiyo kazi yako?"

Alipokuwa anainuka, ameshika ukuta, akageuka. Hakuwa anacheka tena.

"Na hicho kitabu chako ukisome, Mwanaidi. Nisije nikawa nimefunga bure."

Ameingia ndani kujiandaa na isha. Mvua imepungua, namsikia anakohoa. Mtu wa umri ule, siku tatu, na mvua hii, kwa ajili yangu.

Nimejaribu kujifariji kwamba kasamehe. Haifariji. Angenipiga ningelala vizuri zaidi. Kila nitakapofungua kitabu kuanzia leo nitaiona ile kata ya maji mkononi mwake. Na kila nitakapopata hesabu nitajua kuna mtu nyumba ya tatu ambaye angeipata kabla yangu, na hakuna aliyemfungia siku hata moja. Bibi alikuwa na kiapo kimoja, akakitoa kwa ajili yangu. Sauda hakuwa na mtu ila mimi, na mimi nikampeleka kwa mama yake.

Hili sikumwambia Bibi. Nimekiri la kanga, nimekiri la funga, la Sauda nikalimeza. Hata katika kutubu nabakiza. Ndivyo nilivyo.

Basi haya ndiyo malengo yangu, nimeyaandika upya. Siyo nitakayoyasoma Jumatatu. Jumatatu nitasoma ualimu kama kila mtu, na Mwalimu akijua, ajue. Haya ni ya humu ndani, ambamo Bibi, ambaye baadaye alijimalizia juzuu zote thelathini lakini hasomi herufi za Kizungu, hawezi kuyaona.

Kwanza, kulipa saba zangu, zote, hata hiyo ya saba Bi Siti atakayoihesabu.

Pili, kesho, kabla ya kitu kingine, nipite mlango wa mbele wa kina Sauda na vitabu vyangu vyote viwili. Nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nilikuwa najua njia, nikamnyima. Akinifukuza nitaviacha vitabu kizingitini. Asiponifukuza, basi kila kitakachofundishwa darasani wiki nzima nitamletea siku ya Jumapili, nisome yangu mbele yake, naye anisahihishe hesabu kama zamani.

Tatu, siku nitakayoshika cheti cha ualimu, nikipewa uhai, nipande basi la Tongoni niende nikamwambie Baba. Najua huu ni woga, kusubiri mpaka asiweze kunirudisha. Nimeufuta mara mbili na kuuandika tena, kwa sababu Mwalimu alisema tuandike ya kweli, na kweli yangu ndiyo hii, haijanyooka.

Isha imeadhiniwa. Ninakwenda kutia udhu, na leo, alhamdulillahi, ni udhu wa haki.

Nimerudi kuongeza hili: nilipopita jikoni kuchukua maji nimeona kitu nyuma ya mtungi. Kawa. Nimeifunua. Mihogo ya nazi na kipande cha nguru, kile cha tumboni chenye mafuta. Bibi kesho hafungi, amekwisha maliza zake.

Sahani ni moja tu. Ni daku yangu. Safari hii kuku hawatapata hata mfupa.